Anayetufundisha kutunza ardhi na maji, yeye anajifunza wapi?

Swali linalotufikia mara nyingi kutoka kwenu wasikilizaji wa Rungwe na Busokelo ni hili: mbona mtaalamu huyu anasema hivi, na yule anasema vile? Mmoja anashauri upande mikaratusi upate mbao na kuni, mwingine anataka uiondoe kandokando ya kijito. Mmoja anakwambia upulizie dawa kwenye miparachichi mara kwa mara, mwingine anakuonya kwamba tunda likikutwa na mabaki ya dawa, mzigo unakataliwa. Mtoto naye anarudi kutoka shule ameambiwa kuchoma majani shambani kunaua udongo, wakati babu yake amechoma miaka yote na bado anavuna.

Mkanganyiko huu una sababu nyingi. Ipo moja ambayo haizungumzwi sana: watu wanaotufundisha kutunza ardhi, maji na misitu wanahitaji na wao kufundishwa, tena si mara moja tu walipokuwa chuoni. Katika makala hii tunaeleza ni akina nani hao, wanahitaji kujifunza nini, na kwa nini jambo hilo linakuhusu wewe mwenye ekari moja ya chai au miparachichi kumi nyuma ya nyumba.

Walimu hawa ni akina nani?

Kwanza tuweke sawa neno moja. Siku hizi utasikia "maendeleo endelevu" kwenye kila hotuba. Maana yake ni kutumia ulichonacho leo bila kukimaliza, ili na mjukuu akikute. Ukivuna chai bila kuua mche, hiyo ni endelevu. Ukikata miti yote ya chemchemi ili uchome mkaa, umekula na mbegu.

Elimu ya jambo hili haitolewi na mtu mmoja. Kijijini kwako inawezekana inatoka kwa watu wanne au watano tofauti. Yupo afisa ugani wa kilimo au mifugo, ambaye wengi bado tunamwita bwana shamba au bibi shamba. Yupo mwalimu wa shule ya msingi, anayefundisha darasani na kusimamia bustani ya shule. Yupo afisa wa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS, ambao ndio wasimamizi wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Rungwe. Yupo mkulima kiongozi, jirani yako aliyechaguliwa na kikundi kwenda kwenye mafunzo na kurudi kuwafundisha wenzake. Na wapo watu wa kampuni na vyama vya wakulima, wanaokuja na masharti ya soko.

Hata sisi wa redio tumo humo. Tunaposoma tangazo la siku ya upandaji miti, au tunapomhoji mtaalamu wa parachichi, tunafundisha.

Ukiwaangalia wote hawa, utaona kila mmoja amesomea kipande chake. Afisa ugani amesomea mazao. Mwalimu amesomea kufundisha watoto. Afisa misitu amesomea msitu. Lakini tatizo la kijiji haliji kwa vipande. Chemchemi ikipungua maji, suala hilo ni la miti, kilimo, sheria, ng'ombe wanaokunywa pale, na kina mama wanaoamka alfajiri kwenda kuchota. Kwa hiyo hitaji la kwanza kabisa la walimu hawa ni kujua kipande cha mwenzao, na kukaa meza moja kabla ya kuja kwako, ili usisikie sauti tano zinazopingana.

Kwa nini cheti cha zamani hakitoshi

Chukua mfano wa afisa ugani aliyemaliza chuo mwaka 2005 na kupangiwa kata ya huku kwetu. Alifundishwa mahindi, maharage, viazi, kahawa, pengine na chai. Huenda parachichi za Hass zilipita katika somo moja au hazikupita kabisa. Leo hilo ndilo zao ambalo kila kijana anamuuliza. Na parachichi lina mambo yake. Mizizi yake haipendi kusimama kwenye maji, kwa sababu udongo uliojaa maji huleta ugonjwa wa kuoza mizizi. Tukuyu tunapata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Mtu anayefundisha kilimo cha parachichi hapa bila kueleza mifereji, na kupanda kwenye mwinuko au tuta, anamwandaa mkulima kupoteza miche yake.

Mvua hiyohiyo ina kazi nyingine isiyoonekana. Inaosha virutubisho vya udongo na kuuacha ukiwa na tindikali. Chai inaupenda udongo huo. Maharage na mazao mengine mengi hayaupendi sana. Mkulima anaweza kununua mbolea misimu mitatu na asione faida, kumbe udongo wake ulihitaji kupimwa kwanza, na pengine kuwekewa chokaa ya kilimo. Afisa ugani asiyejua kutumia kifaa cha kupima udongo hawezi kukwambia hilo. Atakwambia uongeze mbolea.

Dawa nazo zinabadilika. Mwaka 2020 ilitungwa sheria iliyoanzisha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, inayosajili viuatilifu na kusimamia matumizi yake. Dawa iliyofundishwa chuoni miaka kumi na tano iliyopita inaweza kuwa imeondolewa. Halafu kuna siku za kusubiri, yaani muda kati ya kupulizia na kuvuna. Wanaonunua parachichi nje ya nchi wanapima mabaki ya dawa. Ukivuna kabla siku hizo hazijaisha, hasara inaweza kuwa ya kikundi kizima, kwa sababu matunda yenu yamechanganywa kwenye lori moja.

Kwa walimu wa shule mabadiliko ni makubwa zaidi. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024. Katika shule ya msingi, mambo yaliyokuwa ndani ya somo la Maarifa ya Jamii sasa yamepangwa upya, na lipo somo linaloitwa Jiografia na Mazingira. Mtaala unataka mtoto aoneshe anachoweza kufanya, si kukariri tu. Mwalimu aliyezoea kuandika ubaoni "aina tano za mmomonyoko wa udongo" sasa anatakiwa kuwatoa watoto nje, wautazame mmomonyoko ulio nyuma ya choo cha shule, waupime, na waamue wataufanya nini. Hiyo ni kazi nyingine kabisa, na haiji yenyewe kwa kupewa kitabu kipya.

Nishati ya kupikia nayo haijabaki nyuma. Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo 2034. Mwanakijiji atamuuliza mwalimu wake wa mazingira: gesi inagharimu kiasi gani ukilinganisha na kuni zangu za bure? Mtungi ukiisha Tukuyu mjini nitafanyaje? Kinyesi cha ng'ombe wangu wawili kinatosha biogesi? Mwalimu asiyeweza kujibu maswali hayo atarudia kaulimbiu, na watu watarudi kwenye mafiga yao.

Kujua peke yake hakutoshi

Mtu anaweza kujua kila kitu na bado asiweze kufundisha. Kumfundisha mtu mzima ni tofauti na kumfundisha mtoto. Mtu mzima ana shamba lake, ana deni lake, na ameshajaribu mambo. Ukimwambia "acha" bila kumwonesha, atakuitikia kwa heshima kisha aendelee na yake.

Dunia imeshajifunza hili kwa gharama. Nchini Indonesia wakulima wa mpunga walikuwa wakipulizia dawa nyingi sana. Dawa ziliua buibui na wadudu wengine wanaokula wadudu waharibifu, na waharibifu wakazidi badala ya kupungua. Mwaka 1986 serikali yao ilipiga marufuku aina 57 za dawa kwenye mpunga. Lakini marufuku haimfundishi mtu alime vipi. Ndipo mwaka 1989, kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, ukaanza mpango ambao sisi leo tunauita shamba darasa.

Wengi tunajua shamba darasa ni wakulima kukutana shambani kila wiki, kuchunguza mimea, kuchora walichokiona na kuamua pamoja. Jambo ambalo halisemwi mara nyingi ni namna wakufunzi wenyewe walivyoandaliwa. Hawakupewa vitabu wakaambiwa nendeni. Walilima mpunga wao wenyewe msimu mzima, kuanzia kitalu hadi mavuno, wakapata matope na hasara kama mkulima. Baada ya hapo ndipo walipokwenda kwa wakulima. Mtu aliyepitia hayo hazungumzi kwa amri. Anauliza: umeona nini hapa? Unadhani kwa nini?

Tanzania nayo ina mashamba darasa kwa miaka mingi sasa. Swali la kujiuliza kila tunapoliona bango la shamba darasa ni hili: aliyelisimamia aliandaliwa msimu mzima, au alihudhuria semina ya siku mbili ukumbini?

Kusikiliza nako ni ujuzi

Lipo fundisho kubwa lililotoka kwenye mlima wetu wenyewe. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja mnyama mwenye aibu anayeishi juu ya miti ya Mlima Rungwe, wakimwita kipunji. Watafiti wa shirika la uhifadhi la Wildlife Conservation Society, waliokuwa wakifanya kazi katika nyanda hizi, walizisikia habari hizo. Wangeweza kuzipuuza na kusema ni hadithi za wazee. Hawakuzipuuza. Walifuatilia, na mwaka 2003 wakamwona kima huyo kwa macho yao. Habari zikatangazwa duniani mwaka 2005. Mwaka 2006, baada ya uchunguzi wa kina, wanasayansi waligundua kwamba si spishi mpya tu, bali ni jenasi mpya, wakaipa jina la mlima: Rungwecebus. Ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya kima kupatikana Afrika tangu mwaka 1923.

Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria kwamba walikuwa wamebaki kima 1,117 tu duniani kote, wote wakiwa Tanzania: huku kwetu Rungwe na Livingstone, na kundi dogo katika milima ya Udzungwa. Mwaka 2009 Mlima Rungwe ukawa hifadhi ya mazingira asilia.

Tunaikumbusha habari hii kwa sababu inaonesha kilichokuwa kinajulikana nyumbani kabla ya kufika kwenye majarida ya sayansi. Wazee wetu wanajua kijito kipi hakikauki hata Oktoba. Wanajua mti upi ukiota mahali, chini yake pana maji. Kina mama wanajua kuni zipi zilikuwa karibu miaka ishirini iliyopita na leo ziko mbali kiasi gani. Mwalimu wa mazingira anayekuja kijijini anahitaji kufundishwa namna ya kuyauliza haya kwa heshima, kuyaandika, na kuyaweka pamoja na anachojua yeye. Si kila lisemwalo na wazee ni sahihi, kama ambavyo si kila kilicho kitabuni kinafaa Rungwe. Lakini huwezi kuchuja usichokisikia.

Hapo lugha nayo inaingia. Maafisa na walimu wengi hupangiwa kazi huku wakitoka mikoa mingine. Kiswahili kinatosha kwa mambo mengi, lakini bibi wa miaka sabini ataeleza udongo wake vizuri zaidi kwa Kinyakyusa. Afisa si lazima aongee kama mzaliwa wa hapa. Akijua majina ya miti, udongo na magonjwa kwa lugha ya nyumbani, tayari milango imefunguka.

Na aangalie nani anahudhuria. Mafunzo yakiitishwa saa tatu asubuhi, wakati maziwa yanapelekwa kwenye kituo cha kukusanyia na majani ya ng'ombe yanakatwa, watakaokuja ni wanaume. Halafu atashangaa kwa nini aliyofundisha hayafanyiki shambani, wakati mfanyaji hakuwepo.

Mahali pagumu: tumbo la leo na maji ya kesho

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Mita 60 ni kama hatua 80 za kawaida za mtu mzima. Kwetu, ambako mabonde ni membamba na vijito ni vingi, mita hizo zinaweza kuwa shamba zima la familia.

Sasa mfikirie mwalimu au afisa anayesimama kwenye mkutano wa kijiji kulieleza hilo. Mbele yake yupo mama anayelima mboga bondeni, na hela ya mboga ndiyo inayolipa sare za watoto. Yupo kijana aliyepanda mikaratusi karibu na kijito na anasubiri kuuza nguzo. Na wapo watu wa chini ya mlima wanaotegemea kijito hichohicho kwa maji ya kunywa. Kila mmoja ana haki ya kusikilizwa.

Afisa akisoma kifungu cha sheria na kuondoka, ameacha ugomvi. Anachohitaji kujifunza ni namna ya kuongoza mazungumzo ya watu wenye maslahi tofauti. Ajue kupima mpaka pamoja na wanakijiji wenyewe, kwa kamba, si kwa kukadiria kutoka barabarani. Ajue kueleza kwa nini mikaratusi inayokua haraka hunywa maji mengi na haifai karibu na chemchemi, halafu aoneshe ni wapi inafaa, kwa mfano juu kwenye mpaka wa shamba mbali na maji. Ajue miti ya asili inayohifadhi maji, kama mikuyu, na mahali pa kupata miche yake. Ajue kupiga hesabu na yule mama: akiliacha bonde, atapata wapi hela ile? Kama hakuna jibu, mama atarudi bondeni usiku.

Ujuzi huu wa kupatanisha haufundishwi sana vyuoni. Mara nyingi mtu huupata kwa kufanya kazi karibu na mwenye uzoefu, na kwa kurudi kuzungumza na wenzake kuhusu kilichofaulu na kilichoshindikana.

Tulishawahi kufanya vizuri

Msidhani haya ni mambo ya kuota. Nchi yetu iliwahi kuandaa walimu wa jamii kwa wingi, na redio ilikuwa katikati yake. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni iitwayo Mtu ni Afya, ikiongozwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi kila wiki kwa wiki 12. Walisikiliza kipindi redioni, wakasoma kitabu kidogo kwa sauti, wakajadili, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kusafisha kisima.

Redio peke yake isingeweza. Nguvu ilikuwa kwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walioandaliwa kwa semina za ngazi kwa ngazi hadi huku chini. Hawakuwa madaktari. Walifundishwa kazi moja: kuongoza mazungumzo hadi yafikie uamuzi. Baadaye zikafuata kampeni nyingine kwa mtindo huohuo, Chakula ni Uhai mwaka 1975, na Misitu ni Mali.

Tulikuwa na fundisho jingine kutoka miaka hiyohiyo. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, lililotaka shule ziwe na mashamba ili mtoto ajifunze kwa kazi. Wazo lilikuwa jema. Lakini palipokosekana mwalimu aliyeandaliwa kuligeuza shamba kuwa somo, shamba la shule likawa mahali pa kazi tu, na mara nyingine mahali pa adhabu. Hata leo, mtoto aliyechelewa kuambiwa akapalilie miti ya shule anajifunza jambo moja kuhusu miti: kwamba ni adhabu. Jembe ni lilelile na miti ni ileile. Tofauti inaletwa na maandalizi ya mwalimu.

Yaliyopo sasa, na pengo lililobaki

Kwa walimu wa shule upo utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaojulikana kama MEWAKA. Msingi wake ni kwamba walimu wakutane mara kwa mara shuleni kwao au na shule za jirani, katika jumuiya za ujifunzaji, wajadili somo linalowasumbua na kusaidiana. Huu ni mpango mzuri kwa mada za mazingira, kwa sababu mwalimu hahitaji kusafiri. Mwalimu mmoja anaweza kuonesha wenzake namna alivyotumia bustani kufundisha hisabati. Wiki inayofuata wamwalike afisa ugani wa kata aje awaoneshe kupima udongo. Bila mwaliko kama huo, walimu wanaweza kubaki wakifundishana kile ambacho wote hawakijui.

Kwa maafisa ugani, Aprili 2022 serikali iligawa pikipiki zaidi ya 6,000 nchi nzima, pamoja na vifaa vya kupimia udongo. Pikipiki inamfikisha afisa shambani kwako, na hilo ni kubwa kwa milima yetu. Swali linalofuata ni amekuja na nini kichwani. Hapa Mbeya tuna bahati ya kuwa na Uyole, penye kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI na chuo cha kilimo. Utafiti unafanyika mwendo wa saa chache tu kutoka hapa. Kinachohitajika ni afisa wa kata kupata nafasi ya kwenda pale na kurudi na kipya, na mtafiti naye kushuka huku kuona mashamba yetu.

Wakulima viongozi ndio wanaosahaulika zaidi. Wanapewa mafunzo mwanzo wa mradi, kofia na fulana. Mradi ukiisha, hakuna anayewapa habari mpya, ingawa jirani wanaendelea kuwauliza. Simu imesaidia kiasi. Kuna mfumo wa M-Kilimo wa Wizara ya Kilimo unaomkutanisha mkulima na afisa ugani, na kuna makundi ya WhatsApp. Lakini kwenye makundi hayo dawa ya kweli na dawa ya uongo vinapita njia moja. Mkulima kiongozi anahitaji kufundishwa kuhoji: nani ameandika hili? Amejaribu wapi? Rungwe kuna mvua kama ya huko?

Semina nazo tuziseme wazi. Semina ya siku moja ukumbini inaweza kumpa mtu taarifa, lakini haimpi ujuzi. Mwalimu hujifunza anapojaribu, anapotazamwa na mwenzake, anapoambiwa ukweli, na kujaribu tena. Kwa hiyo mafunzo mafupi yanayorudiwa, yakifuatiwa na mtu kuja kuona shambani au darasani, yana faida kuliko siku tatu za hoteli mara moja kwa miaka minne.

Wewe unaweza kufanya nini?

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na mipango ya vijiji huandaliwa miezi mingi kabla. Huo ndio wakati wa kuuliza. Haya ni maswali unayoweza kuondoka nayo:

1. Je, afisa ugani wetu amepata mafunzo gani kuhusu mazao tunayolima sasa, na lini?
2. Kifaa cha kupima udongo kipo? Kata yetu itapimiwa lini, na nani atatusomea majibu?
3. Afisa ugani, afisa misitu na walimu wanaweza kukaa pamoja kabla ya msimu, ili watupe ujumbe mmoja kuhusu miti na vyanzo vya maji?
4. Wakulima viongozi wetu watapata wapi habari mpya baada ya mradi kuisha?
5. Mafunzo yanaweza kufanyika mchana au jioni, ili anayekamua na kuchota maji naye aje?

Uliza kwa upole. Afisa mmoja anaweza kuwa na vijiji kadhaa, na mwalimu mmoja ana darasa lililojaa. Kuuliza hivyo si kuwashtaki. Ni kuwasaidia wapate wanachohitaji, kwa sababu ombi la kijiji kwenye muhtasari wa mkutano lina uzito ambao ombi la mtumishi peke yake halina.

Na akija shambani kwako, mpe na wewe somo. Mwoneshe ulipojaribu kitu kikakataa. Mwambie chemchemi ilikuwa wapi ulipokuwa mtoto. Akikubali kutokujua jambo na kuahidi kulifuatilia, usimcheke. Mwalimu anayesema "sijui, nitauliza" ana thamani kuliko anayebuni jibu, maana jibu la kubuni utalilipia wewe kwa mbegu, kwa dawa na kwa msimu mzima.

Kama kijijini kwenu mmewahi kuuliza maswali haya mkutanini, tutumieni ujumbe mtueleze mlijibiwa nini, tukawaulize wahusika hewani.